Je, wajua kwa nini mhandisi huwajibika kwa hesabu ambazo hakuzipiga?

Ukishika mchoro wa jengo la ghorofa, tazama pembeni chini. Utaona muhuri wa mhandisi, namba yake ya usajili na sahihi. Wengi huuona kama muhuri wowote wa ofisini, wa kusukuma karatasi iende mbele. Sheria haiuoni hivyo, na kisa kinachonieleza jambo hili vizuri kuliko vingine vyote kilitokea Kansas City, Marekani, jioni ya Ijumaa tarehe 17 Julai 1981.

Hoteli ya Hyatt Regency ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu uliotangulia. Ukumbi wake ulikuwa wazi hadi juu, na madaraja matatu ya kupitia wageni yalikatiza hewani kwenye ghorofa ya pili, ya tatu na ya nne, yamening'inizwa darini kwa nondo. Daraja la ghorofa ya pili lilikaa chini ya lile la ghorofa ya nne moja kwa moja. La tatu lilikuwa pembeni peke yake. Jioni hiyo watu kama 1,600 walikuja kwenye dansi, wengine chini ukumbini, wengine wakitazama kutoka juu. Daraja la nne likachomoka, likaangukia la pili, na yote mawili yakawashukia waliokuwa chini. Walikufa watu 114, na zaidi ya 200 walijeruhiwa.

Katika mchoro wa kwanza, nondo ndefu zilitoka darini, zikapita kwenye boriti za daraja la nne na kushuka hadi la pili bila kukatwa. Chini ya boriti kulikuwa na nati, na kila nati ilibeba daraja lake tu. Kampuni iliyotengeneza vyuma iliona taabu hapo. Ili nati ifike katikati ya nondo ndefu namna ile, ingebidi nondo ichongwe hesi, yaani mifereji ya kuzungushia nati, kwa urefu mkubwa, na hesi hizo zingeweza kuharibika wakati wa kupandisha vyuma. Kwa hiyo kila nondo ndefu ikagawanywa kuwa mbili: moja kutoka darini hadi daraja la nne, nyingine ikaanzia kwenye boriti ileile ya daraja la nne kwenda la pili.

Chukua watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba ya kisima. Kila mmoja akiishika kamba, mikono yake inabeba mwili wake mwenyewe. Sasa wa chini aiachie kamba na kushika miguu ya mwenzake. Kamba haioni tofauti yoyote, lakini mikono ya wa juu inabeba wawili. Hivyo ndivyo nati za daraja la nne zilivyobebeshwa mzigo maradufu. Boriti zenyewe zilikuwa vyuma viwili vya umbo la C vilivyochomelewa pamoja vikitazamana kama sanduku, na tundu la nondo lilitobolewa palepale kwenye mshono. Jioni ile nati zilipasua mshono zikapenya hadi juu ya boriti, na nondo zikabaki zinaning'inia darini bila daraja.

Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba hata ule mchoro wa kwanza ungebeba kama asilimia 60 tu ya mzigo uliotakiwa na kanuni za ujenzi za jiji. Badiliko likaupunguza uwezo huo kwa karibu nusu. Kiungo hicho, kilichobeba maisha ya watu, hakuna aliyekipigia hesabu. Wahandisi walidhani watengeneza vyuma wameshaifanya kazi hiyo, na watengeneza vyuma walidhani ni ya wahandisi. Michoro ya karakana, yaani ya watengeneza vyuma, yenye badiliko ilipita ofisi ya wahandisi na kurudishwa Februari 1979 ikiwa na muhuri wa Jack Gillum, mhandisi mkuu. Oktoba mwaka huohuo sehemu ya paa la ukumbi ilianguka wakati ujenzi ukiendelea. Ilikuwa nafasi ya pili ya kukagua viungo vyote, nao wakaahidi kufanya hivyo, lakini kiungo hiki hakikupigiwa hesabu. Sehemu hii ndiyo inayoniuma zaidi.

Lawama ilipita njia tatu. Kwa upande wa jinai, hakuna aliyeshtakiwa. Kwa upande wa madai, familia na majeruhi walilipwa zaidi ya dola milioni 100. Njia ya tatu ilikuwa bodi ya wahandisi ya jimbo la Missouri. Gillum na Daniel Duncan, mhandisi wa mradi, walijitetea kwamba desturi ya kazi huwaachia watengeneza vyuma kupiga hesabu za viungo. Novemba 1985 hukumu ikawakuta na hatia ya uzembe uliokithiri, wakapoteza leseni zao Missouri. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ilikubaliana na hukumu hiyo. Kazi unaweza kumgawia mwingine, lakini aliyepiga muhuri hawezi kumgawia mtu wajibu wake. Gillum mwenyewe baadaye alisimama mbele ya wahandisi wenzake kuzungumzia ajali hiyo.

Tanzania na Kenya nazo zina bodi za wahandisi zenye mamlaka ya kumfutia mtu usajili, na badiliko la namna ile haliko mbali na saiti zetu. Fundi anakosa nondo za milimita 16, dukani zimebaki za 12. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini ukipima eneo la uso wa nondo iliyokatwa, umepoteza zaidi ya asilimia 40 ya chuma. Anampigia mhandisi simu, mhandisi yuko safarini, anajibu, "Sawa, endeleeni." Hapo mwenye jengo, hata kama hajui hesabu, ana haki ya kusimamisha kazi na kuomba mchoro mpya unaoonyesha nondo za 12, idadi yake na nafasi kati yake, ukiwa na muhuri na tarehe ya siku hiyo, kabla zege halijamwagwa.