"Manducate" si kula kwa mkono

Juzi nimelisikia tena, na safari hii kutoka kwa mwanafunzi ninayemtegemea: eti neno la zamani la Kiingereza "manducate" maana yake ni kula kwa mkono. Hoja ya wanaosema hivyo naijua kwa moyo. Kwa Kilatini manus ni mkono, ducere ni kuongoza, basi ni kuliongoza tonge mpaka kinywani. Linapendeza kusikia, ndiyo maana halikomi. Kila muhula nalifuta ubaoni, na kila muhula linarudi.

Mkono haumo. Mzizi ni mandere, yaani kutafuna. Weka vidole viwili chini ya sikio, kisha tafuna kipande cha muwa. Mfupa huo unaopanda na kushuka Waingereza huuita "mandible", na jina hilo limetoka kwenye mandere hiyohiyo. Warumi nao walikuwa na sanamu ya kutisha, Manducus, waliyoipitisha kwenye maandamano ikiwa imeachama, taya kubwa, meno yakigongana kwa kishindo. Hakuna aliyesimulia habari za mikono yake. Na neno la kuongoza kwa mkono lipo kweli, ni "manuduction". Tazama ile u iliyokaa kati ya n na d: ndiyo mkono wenyewe. Tafadhali, fungueni kamusi kwanza, ndipo mlikate neno vipande!

Wengine hushikilia kwamba ni kutafuna tu, kumeza hakumo. Kwa Kilatini cha baadaye manducare ilikuwa kula kabisa. Padri anaposema "Accipite et manducate" (twaeni mle) kwenye Misa ya Kilatini, hawaambii waumini watafune na kuishia hapo. Ndiko walikotoa Wafaransa manger na Waitaliano mangiare, yote mawili yakiwa na maana ya kula. Waingereza waliokuwa wakibishana kuhusu Ekaristi, kwamba Mwili wa Kristo huliwa kwa kinywa au kwa imani, waliliita tendo hilo "manducation".

"Masticate" halikutoka kwenye mandere. Hilo lina asili ya Kigiriki, kusaga meno, na ukoo wake ni mastiki, ule utomvu wa kisiwa cha Chios ambao watu huutafuna.

Ndugu wa kweli ni "manger" ya Kiingereza, hori alimolazwa mtoto Yesu. Limepitia Kifaransa, na maana yake ya asili ni mahali pa kulia mifugo.