Vifo vya maradhi ya kuambukiza London enzi za Malkia Victoria: maswali na majibu

Nani alikuwa akihesabu waliokufa?

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya parokia. Wanawake wazee, aghalabu maskini, walitumwa kuitazama maiti na kutaja kilichoua. Tarehe 1 Julai 1837, siku 11 baada ya Victoria kurithi kiti cha enzi, serikali ilianza kusajili vifo yenyewe Uingereza na Wales. Mwaka 1839 ofisi ya usajili ilimwajiri William Farr, daktari aliyependa hesabu kuliko kutibu. Tangu 1840 London ikawa inatolewa taarifa ya vifo kila wiki.

Sababu ya kifo iliaminika?

Nusunusu. Mara nyingi msajili aliandika alichoambiwa na ndugu wa marehemu. Farr alilalamika kwamba ugonjwa mmoja ulikuwa na majina matatu manne, na jina moja likabeba magonjwa tofauti. Homa ya matumbo, inayotokana na maji na chakula kichafu, na ile homa inayoenezwa na chawa zilihesabiwa pamoja hadi 1869. Hivyo ukikutana na neno "homa" katika takwimu za miaka ya 1840, usilijengee hoja nzito. Sheria ya kumlazimisha daktari aliyemtibu marehemu kuandika cheti cha sababu ya kifo ilikuja 1874.

Kwa nini kiwango, na si idadi tu ya waliokufa?

Kwa sababu mji ulikuwa unafura. Sensa ya 1851 iliwakuta watu wapatao milioni 2.36, ya 1861 ikawakuta milioni 2.8. Vifo vikiongezeka katika mji wa namna hiyo, huwezi kujua kama ugonjwa umezidi au watu ndio wamezidi, mpaka ugawe waliokufa kwa walio hai.

Kuna mtego mwingine: hospitali. Mgonjwa akitolewa mtaa wa mbali akafia wodini, kifo kinaandikwa pale hospitali ilipo, na mtaa wa hospitali unaonekana wa kutisha bila kosa lake. Mtego huu bado upo. Itazame wilaya yoyote yenye hospitali ya rufaa.

Hesabu hizo ziliwahi kuonyesha ugonjwa unatoka wapi?

Ndiyo, ingawa mwanzoni zilimpoteza mwenyewe aliyezitunga. Kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua watu wapatao 14,000 London. Farr aliona kwamba kadiri nyumba zilivyokuwa bondeni, karibu na mto Thames, ndivyo vifo vilivyozidi. Akahitimisha kwamba hewa mbovu ya mtoni ndiyo inayoua. Tarakimu zilikuwa sahihi, maelezo hayakuwa. Watu wa bondeni ndio pia waliokunywa maji machafu zaidi.

Daktari John Snow alishikilia kwamba ni maji. Wengi wanamjua kwa pampu ya Broad Street, kisima cha mtaani alichokishuku kueneza kipindupindu, lakini kwangu kazi yake kubwa ilikuwa kusini mwa mto. Huko kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ileile, bomba la hii likipita kando ya bomba la ile. Southwark and Vauxhall ilichota Battersea, mahali ambapo maji ya bahari hupanda na uchafu wa mji hurudi nayo. Lambeth ilikuwa imehamia juu zaidi, Thames Ditton, mwaka 1852.

Kipindupindu kiliporudi 1854, Snow alichukua kutoka ofisi ya Farr anwani za waliokufa, akaenda mlango kwa mlango. Wapangaji wengi hawakujua maji yao ni ya kampuni gani, maana bili alilipa mwenye nyumba. Basi alichukua maji kidogo katika kichupa akatia nitrati ya fedha, kemikali inayofichua chumvi. Maji ya Battersea, yenye chumvi ya bahari, yaliganda weupe mzito. Ya Thames Ditton yalibadilika kidogo tu. Katika wiki 7 za mwanzo, kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall zilikuwa na vifo 315. Za Lambeth, 37.

Farr alikubali?

Polepole. Snow alifariki 1858. Mwaka 1866 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 5,500, wengi wao mashariki ya London, na safari hii Farr mwenyewe alizilinganisha hesabu za vifo na maeneo ya kampuni za maji. Kidole kikaelekea East London Water Company na mabwawa yake ya Old Ford. Kampuni ilikana kabisa kuuza maji yasiyochujwa. Kisha wateja wawili wakasema wamekuta mikunga katika mabomba yao, na mkunga hapiti kwenye chujio la mchanga.

Kipindupindu ndicho kilichoua zaidi?

Hapana. Kilitisha kwa sababu kiliua kwa saa chache. Kifua kikuu kiliua mwaka baada ya mwaka bila kelele, na watoto walimalizwa na surua, kifaduro na kuharisha.

Daftari la vifo lilitosha kuzuia ugonjwa?

Lilichelewa: mtu huingia humo akishakufa. Sheria ya 1889 ikamtaka daktari wa London atoe taarifa mgonjwa angali hai, kwa maradhi kama ndui, dondakoo na kipindupindu. Alilipwa shilingi 2 na peni 6 kwa kila mgonjwa wake binafsi. Asiyetoa taarifa alipigwa faini.