Ukarabati na uhifadhi wa magari ya mvuke: maana yake, na wanamaji wanaingiaje humo

Ukitaja chombo cha mvuke, wengi wetu tunafikiria garimoshi. Uingereza kulikuwa na zaidi ya hilo. Kabla dizeli haijatawala barabara, yalikuwepo malori, matrekta na rola za kushindilia barabara zilizoendeshwa kwa makaa na maji. Aveling & Porter wa Rochester walijulikana kwa rola, Foden wa Sandbach na Sentinel wa Shrewsbury kwa malori, Fowler wa Leeds kwa mashine za kulimia. Miaka ya 1930 kodi ya barabara ikaanza kutozwa kwa kufuata uzito, na lori la mvuke ni zito hata kabla halijapakiwa gunia moja. Mengi yakaishia kwenye chuma chakavu.

Yaliyosalia yaliokolewa na watu walioyapenda tu. Mwaka 1950, katika kijiji cha Appleford, Uingereza, Arthur Napper alishindana mbio na Miles Chetwynd-Stapylton, kila mmoja na trekta lake la mvuke, dau likiwa pipa dogo la bia. Watu wakajaa kutazama. Kufikia 1954 wenye mashine hizo walikuwa na chama chao cha kitaifa.

Sasa dhana yenyewe. Kukarabati ni kuirudisha mashine kazini. Kuhifadhi ni kuizuia isiharibike zaidi na kulinda kilicho cha asili ndani yake. Maneno haya hutajwa pamoja kama mapacha, ila kwenye karakana hugombana kila siku. Bati la boila, yaani tangi la kuchemshia maji, likishaliwa na kutu, ukilikata na kuunga jipya, mashine itawaka lakini chuma cha asili kimeondoka. Ukiliacha, umelinda asili, na moto hautawashwa humo tena.

Mfano wa mvutano huo tunao Kigoma. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaja vipande vipande hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Lakini miaka ya 1970 injini zake za mvuke zilitolewa, zikafungwa za dizeli. Meli ipo, mvuke wake haupo. Siwalaumu waliofanya hivyo, maana abiria walihitaji usafiri, si makumbusho. Ila hapo kazi ya chombo ndiyo iliyookolewa, na teknolojia yake ikaachwa iende.

Wanamaji wanaingia hapa. Gosport, ng'ambo ya bandari ya Portsmouth, ipo HMS Sultan. Jina ni la meli kwa desturi ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza, lakini ni kituo cha nchi kavu, na ndiko wanakofundishwa mafundi wa mitambo ya manowari. Mtu atauliza: fundi wa karne hii ana shughuli gani na trekta la makaa?

Shughuli anayo. Nyambizi ya nyuklia huenda kwa mvuke. Kinu hutoa joto, joto huchemsha maji, mvuke huzungusha tabo, yaani gurudumu lenye mapanga. Kilichobadilika ni moto tu. Na teknolojia hiyo ya tabo ilijitambulisha jirani kabisa na hapo: mwaka 1897, katika maji ya Spithead, chombo kidogo cha mhandisi Charles Parsons kiitwacho Turbinia kilikatiza mbele ya manowari zilizojipanga kwa gwaride la Malkia Victoria, na hakuna boti iliyoweza kukikamata. Upande wa meli za juu ya maji, mvuke ulidumu katika jeshi hilo hadi HMS Fearless ilipostaafishwa mwaka 2002.

Kwa hiyo boila ya zamani ni darasa zuri, kwa sababu kila kitu kinaonekana. Chukua plagi ya usalama. Ni kipande cha shaba kilichofungwa kwenye dari ya tanuru, katikati yake kumejazwa risasi. Upande wa juu kuna maji, upande wa chini moto. Katika mgandamizo wa kawaida wa kazi, maji hayo yana joto la nyuzi 180 hivi, na risasi huyeyuka karibu na 327; basi maji yakiwepo, plagi haina wasiwasi. Mzembe akiacha maji yashuke chini ya dari, risasi inayeyuka, mvuke unamwagika motoni na kumpigia kelele kabla dari haijalainika na boila kupasuka. Kijana aliyeishika plagi hiyo mkononi hahitaji kuhubiriwa kuhusu kutazama kioo cha kupimia maji.

Au angalia jaribio la boila iliyotoka kukarabatiwa. Moto hauwashwi kwanza. Boila hujazwa maji baridi mpaka hewa yote itoke, kisha husukumwa kwa pampu hadi mgandamizo uzidi ule wa kazi, mara nyingi kwa nusu nzima. Kwa nini maji? Kwa sababu karibu hayabanwi kabisa. Kiungo kikiachia, yatachuruzika na geji itashuka. Mvuke ungetanuka ghafla na kuua waliosimama karibu. Mkaguzi akiridhika ndipo moto huwashwa, taratibu, kwa saa kadhaa, ili chuma kinene na chembamba vitanuke bila kuvutana.

Mimi nipo upande wa mashine iwake, kwa sharti moja: kila kipande kinachotolewa kiandikwe, kipigwe picha, na kikiwezekana kitunzwe na lebo yake. Bila daftari hilo, baada ya mafundi wa vizazi viwili hakuna atakayejua kilicho cha kiwandani na kilichochomelewa jana. Wanamaji hapo wana faida, maana kuandika kila spana iliyogusa mtambo ni mazoea ya jeshi.

Kipo kitu kimoja ambacho hata mhifadhi mkaidi hakigombei. Boila nyingi za zamani zilivishwa asbesto kuzuia joto lisipotee. Ni ya asili, ndiyo, lakini vumbi lake huharibu mapafu. Hiyo hutolewa na watu wenye leseni na vifaa vya kujikinga, kabla mwanafunzi yeyote hajaruhusiwa kusogea na bisibisi.