Kadi tatu na swali lililoishinda kompyuta

Kata kadi tatu za manila. Kila kadi ina neno juu na neno chini: ya kwanza ni "na" juu, "nai" chini, ya pili "iro" juu, "r" chini, ya tatu "bi" juu, "obi" chini. Zipange zikifuatana. Juu unasoma nairobi, chini pia nairobi. Zimeoana. Unaruhusiwa kurudia kadi yoyote utakavyo, au kuiacha kabisa.

Wanafunzi wa sekondari waliotutembelea idarani, hapa Nairobi, walizipanga kabla sijaketi. Nikawapa "mama" juu ya "ma", na "baba" juu ya "ba". Msichana mmoja akasema papo hapo, "Hizi haziwezi, mwalimu. Mstari wa juu utakuwa mrefu siku zote." Kweli kabisa. Kisha nikawapa 100 juu ya 1, 0 juu ya 100, na 1 juu ya 00. Hapo waling'ang'ana hadi basi lao likaja. Jibu lipo, ila hata lile fupi kuliko yote linahitaji kadi 75 mfululizo.

Je, iko programu moja inayoweza kupewa kadi zozote zile ikatuambia kama zitaoana? Mwaka 1946 Emil Post, mwanahisabati wa New York, alithibitisha kwamba programu hiyo haiwezi kuwepo.

Sababu yake naipenda sana. Kadi zinaweza kuundwa ziige hatua za programu yoyote: mstari wa chini unatangulia ukibeba hatua iliyofikiwa, wa juu unaufukuza nyuma. Wa juu huufikia wa chini pale tu programu inaposimama. Na Alan Turing alikwisha kuonyesha, 1936, kwamba hakuna njia ya kujua kwa kila programu kama itasimama au itazunguka milele. Anayeweza kuamua kadi zote angekuwa ameamua na hilo.

Kwa hiyo kununua kompyuta yenye nguvu zaidi hakusaidii. Kadi zikiwa zinaoana, kompyuta ikijaribu mifuatano yote, mifupi kwanza, siku moja itafika. Zisipooana, itaendelea kutafuta tu, nawe uliyekaa mbele ya kioo hujui kama usubiri au uizime.

Kwa aina mbili za kadi, njia ya kuamua ilipatikana 1982. Kwa aina tano, Turlough Neary alithibitisha 2015 kwamba hakuna. Tatu na nne hazijatatuliwa na mtu yeyote, na manila inauzwa duka lolote la vitabu.