Kwa nini samaki mwenye mkia mkubwa huachwa nyuma na mwenye mkia mdogo?

Chukua samaki wawili wa dhahabu walio tangi moja. Mmoja ni mwembamba, mkia wake mmoja na mfupi. Wa pili ni mnene kama yai, ana mikia miwili inayopepea kama shela. Dondosha punje ya chakula uone. Yule wa shela anaanza kujitikisa mwili mzima, na kabla hajafika nusu ya njia mwenzake ameshameza na anatafuta nyingine. Makasia mawili yameshindwaje na kasia moja?

Kwanza, nguvu ya samaki haitoki mkiani. Inatoka kwenye misuli ya ubavuni, inayojikunja wimbi baada ya wimbi kuelekea nyuma. Mkia hupokea wimbi hilo na kuyasukuma maji, na ili usukume sawasawa lazima uwe na ugumu fulani, kama bapa la kasia. Ukirefuka kupita kiasi hulegea na kujikunja. Jaribu kupiga kasia kwa shuka lililolowa, utaelewa. Tena shuka hilo hukuvuta nyuma kila unapokwenda mbele, maana ukinzani wa maji huongezeka haraka kuliko mwendo: ukizidisha kasi mara mbili, ukinzani hukaribia mara nne.

Mikia miwili ilitoka wapi? Huko China, ambako samaki wa dhahabu wamefugwa kwa takriban miaka elfu moja, wafugaji wa enzi ya Ming (1368–1644) waliwaweka kwenye mitungi na mabeseni. Humo hakuna adui wala mkondo, na chakula huletwa. Samaki ambaye mtoni asingemaliza wiki, humo alizeeka na kuzaa. Mwaka 2014 watafiti, wakiwemo wa Academia Sinica, taasisi ya utafiti ya Taiwan, walieleza chanzo cha mikia hiyo miwili: hitilafu katika nakala moja ya jeni iitwayo kodini. Jeni hiyo husaidia kiinitete kujua upande upi ni mgongo na upi ni tumbo. Ikikosekana, upande wa tumbo hupanuka, na tishu ambayo ingetoa pezi moja la chini hutoa mawili, kushoto na kulia. Samaki pundamilia, samaki mdogo mwenye milia anayetumiwa sana maabara, akiikosa kabisa, mara nyingi hufa angali mchanga. Samaki wa dhahabu amenusurika kwa sababu mababu zake waliongeza maradufu jenomu yao yote, yaani seti nzima ya jeni, hivyo ana kodini ya akiba.

Kinachonishangaza mimi ni beta, yule samaki mpiganaji wa Siam. Naye ana aina yenye mikia miwili, lakini kwake umekaa mmoja juu na mmoja chini, na hitilafu imeangukia eneo la jeni nyingine kabisa, zic1 na zic4. Jeni hizo ndizo huupa mgongo sura ya mgongo. Zikizembea, nusu ya juu huiga nusu ya chini, ndiyo maana pezi lake la mgongoni ni pana karibu sawa na lile la nyuma ya tumbo. Samaki wawili wasio na undugu wa karibu, jeni tofauti, na kosa ni lilelile: tumbo kuvuka mpaka.

Hasara haiishii kwenye kasi. Pezi la mgongoni hufanya kazi ya mkuku wa chombo, humzuia samaki asiende mrama. Ranchu, aina ya samaki wa dhahabu iliyokuzwa Japani, hana pezi hilo kabisa, na kila anapokata kona huyumba. Ongeza mwili uliofupishwa hadi kibofu cha hewa kikabanwa ndani, utaelewa kwa nini wengine huishia kuelea kichwa chini miguu juu, kama wangekuwa na miguu.

Dume wa samaki mkia-upanga yamemfika makubwa zaidi. Kwake pezi la nyuma ya tumbo ndilo kiungo cha kupitishia mbegu. Katika aina ya mapezi marefu, nalo hurefuka hadi likakosa kazi. Wafugaji wa aina hiyo hulazimika kumpandisha jike wa mapezi marefu na dume wa kawaida.

Wapo wanaouliza kama kuyapunguza mapezi kwa mkasi kutasaidia. Hapana. Samaki pundamilia wa mapezi marefu wamejibu swali hilo maabara: jeni yao, inayohusika na njia za kupitisha potasiamu kwenye seli, huyaambia mapezi yaendelee kukua pale ambapo yangesimama, na yakikatwa huota tena kwa urefu uleule. Jeraha litapona, agizo la jeni litabaki.

Kinachobadilishika ni tangi. Punguza nguvu ya pampu. Watenge na samaki wenye mbio, la sivyo watalala njaa mbele ya chakula. Na kwa beta, ambaye huvuta hewa kwa kupanda juu, maji yasiwe ya kina kirefu, na majani mapana yawepo karibu na uso wa maji. Utamkuta amelala juu ya jani, mikia yote miwili ikining'inia.