Mshahara wa wahitimu: uliza umehesabiwaje

Msimu wa udahili ukikaribia, swali ninaloulizwa zaidi hapa Kigoma ni hili: wahitimu wa chuo gani wanalipwa vizuri? Majuzi mzee mmoja wa Ujiji alikuja na mwanawe aliyesoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), ameshika karatasi yenye vyuo vitatu vya uhandisi wa nyenzo, kila kimoja na wastani wa mshahara wa wahitimu wake. Kidole kilikuwa tayari juu ya namba kubwa kuliko zote.

Mhandisi wa nyenzo huchunguza kwa nini chuma, seramiki au plastiki hupasuka, huchakaa au hushika kutu. Sisi tuna mfano wake, Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Kabla ya kuizamisha mwaka 1916, Wajerumani walizipaka injini zake grisi nzito ili maji na oksijeni visifikie chuma. Meli iliibuliwa 1924 na ikarudi kazini.

Ni fani nzuri, ila darasa lake mara nyingi ni dogo, na hapo ndipo wastani unapopotosha. Nilimwandikia mzee mfano wa wahitimu watano: laki tisa, laki tisa na nusu, milioni moja, milioni moja na laki moja, na mmoja aliyepata kazi nono mgodini kwa 6,050,000. Wastani ni milioni mbili. Lakini wanne kati yao hawafiki hata milioni moja na laki mbili! Anayesimama katikati anapata milioni moja, na huyo ndiye wa kumwangalia.

Marekani, mfumo wa serikali uitwao College Scorecard hutumia mshahara huo wa katikati. Hata hivyo huwahesabu tu waliopata msaada wa fedha wa serikali kuu, na aliyeendelea na shahada ya pili hahesabiwi. Darasa likiwa dogo mno, namba haitangazwi kabisa.

Mwenye mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, akumbuke pia kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa milioni moja, hiyo ni 150,000 kila mwezi.

“Sasa tuchague kipi, mwalimu?” mzee akauliza. Nikamwambia kijana avipigie vyuo vyote vitatu aulize: mmewahesabu wangapi, miaka mingapi baada ya kuhitimu, na wangapi wanafanya kazi ya fani hii? Akayaandika nyuma ya karatasi ileile.