Mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kwamba hakuwepo

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mtu aliyesoma: "Shahidi kamwona kwa macho yake, naye kashindwa kuthibitisha alikuwa wapi. Kesi imekwisha." Haijaisha. Kauli hiyo ina makosa mawili, na katika shauri la mauaji, ambalo adhabu yake ni kunyongwa, lolote kati ya hayo linatosha kumtia hatiani asiyehusika.

La kwanza silikalii, maana liliamuliwa zamani. Anayesema hakuwepo eneo la tukio habebi mzigo wa kuthibitisha. Hukumu ya kesi ya Ali Salehe Msutu ya 1980, hapa Tanzania, ilishasema hivyo. Akiacha shaka ya msingi, inamtosha. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo yenye kazi ya kuonyesha kwamba alikuwepo.

Hapo watu hunirudia na hoja ya notisi, yaani taarifa ya mapema kwamba mshtakiwa atajitetea kwa kusema hakuwepo. Ndiyo, kifungu tulichokizoea kwa miaka mingi kama cha 194 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka notisi kabla shauri halijaanza kusikilizwa, au angalau maelezo ya utetezi huo kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Asipotoa, mahakama inaweza kutoupa uzito wowote. Inaweza, haijaamriwa. Kesi ya Charles Samson ya 1990 inasema hata bila notisi mahakama haiwi huru kuupuuza: jaji auangalie kwanza, ndipo aamue. Na notisi yenyewe ipo ili polisi waende wakaulize. Sasa ulizeni ni mara ngapi mpelelezi amekwenda gesti iliyotajwa akafungua daftari la wageni. Mauaji hayana dhamana. Mtu yuko mahabusu, shauri linasubiri zamu yake Mahakama Kuu, na huku nje mwenye gesti ameshabadilisha daftari na shahidi wake amehamia mkoa mwingine. Halafu tunamwambia utetezi wake hauna ushahidi.

Kosa la pili ndilo linaloninyima usingizi. Watu huweka shahidi upande mmoja wa mizani na mshtakiwa upande wa pili, kisha wanatazama nani mzito. Utambuzi wa macho haupimwi hivyo. Unapimwa kwanza peke yake, kana kwamba mshtakiwa hajafungua mdomo. Waziri Amani ya 1980 iliuita ushahidi dhaifu kabisa na usioaminika, ikaonya usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Alimtazama kwa muda gani? Kutoka umbali gani? Mwanga wa nini, na ulikuwa mkali kiasi gani? "Kulikuwa na taa" si jibu. Kibatari kilichowekwa sakafuni nyuma ya mlango na taa ya umeme ya barazani vyote ni taa. Je, alimtaja mtu huyo palepale kwa wa kwanza waliofika, au jina lilizaliwa kituoni siku tatu baadaye? Marwa Wangiti Mwita ya 2002 ililipa swali hilo la mwisho uzito mkubwa, na ni haki yake.

Ukianza na utetezi, unamkuta mshtakiwa kadanganya, unahitimisha: basi alikuwepo. Uongo wake hauongezi mwanga wa kibatari. Watu hudanganya kwa woga, na kuna mwanaume atakayesema alilala kwake kuliko kumtaja mke wa mtu aliyekuwa naye. Christian Kale ya 1992 iko wazi: mtu hatiwi hatiani kwa udhaifu wa utetezi wake.

Kisha kuna hili la "mashahidi wake ni mkewe na mama yake". Saa nane usiku ulitaka awe amelala na nani? Mtu asiye na hatia, usiku wa mauaji, kwa kawaida hana tiketi wala risiti. Ana mkeka na watu wa nyumbani. Na mashahidi wa Jamhuri mara nyingi ni mjane na watoto wa marehemu, ndugu vilevile, nasi tunawasikiliza kwa heshima wanayostahili. Hakuna sheria inayomfanya ndugu wa upande mmoja mkweli na wa upande wa pili mwongo. Wahojiwe wote kwa ukali uleule.

Rekodi za simu, ambazo siku hizi kila mteja anazitaja, zinaonyesha laini ilikuwa karibu na mnara gani. Aliyeishika simu ni swali jingine.

Kuna jambo sina jibu lake. Mahakama huamini zaidi shahidi aliyemfahamu mshtakiwa kabla ya tukio, na kwa kawaida nakubali: jirani unamjua kwa sauti, hata kwa mwendo. Lakini familia iliyotishiwa na jirani huyo wiki iliyopita, ikivamiwa usiku, inatazama kivuli ikiwa tayari na jina mdomoni. Wanaapa, na hawadanganyi. Wanaamini kweli walimwona. Nimewahoji mashahidi wa namna hii kizimbani na sikupata swali la kutenganisha walichokiona na walichokitarajia. Jaji naye hana kipimo zaidi ya yale maswali ya Waziri Amani, nayo yanapima mwanga, umbali na muda. Matarajio ya shahidi hayapimwi popote.